Kukilaza chombo: kamba, nanga na maji yasiyotulia

Mashua iliyotia nanga mbele ya Bagamoyo siku ya bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi, husafiri karibu mita 16 kwa siku huku tanga lake limekunjwa. Hupanda kama mita 4 maji yakijaa, hushuka mita 4 yakipwa, kisha hurudia safari hiyo hiyo mara ya pili. Katikati ya hapo hugeuka. Alfajiri umande ukivuma kutoka bara, omo, yaani mbele ya chombo, hutazama minazi. Mchana upepo wa baharini ukiamka, omo hutazama Unguja. Anayedhani kufunga chombo ni kukizuia kisiende popote huishia kukivunja.

Mimi nililijua hili kwa gharama ya ubao mmoja. Nikiwa na miaka kama kumi na minne, mjomba alinituma nikailaze mashua yake ndogo, saa kumi alasiri, maji yamejaa pomoni. Nikatupa nanga, nikafunga kamba kwa fundo nililolionea fahari, nikaogelea hadi nchi kavu. Asubuhi tuliikuta imelala ubavu mchangani, na jino moja la nanga limezama kwenye bandi, ubao wa chini wa mashua, kama kidole kwenye papai bivu. Usiku upepo ulikatika, kamba ikalegea, mashua ikaelea taratibu hadi juu ya nanga yake yenyewe, na maji yalipopwa ikaiketia. Mjomba hakunigombeza. Alilishika fundo langu, akaligeuzageuza, akasema, "Fundo zuri, mpwa wangu. Sasa njoo tuzibe tundu."

Tangu hapo, nikiona maelezo ya kufunga chombo yanaanza na mafundo, huyapita. Fundo ni la mwisho. La kwanza ni maji.

Saa za bahari

Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na ushei, na ndiyo maana saa za maji ya leo si za kesho: husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kiasi cha kupanda na kushuka nacho hufuata mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi kama mita 1 au zaidi kidogo.

Kwa upande wa Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam kuna jambo linalorahisisha sana hesabu: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu huwa kinyume chake. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo, kwa kuwa mashamba yao hufikika kwa miguu asubuhi za bamvua. Anayejua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anajua, bila kufungua simu, kama leo ataikuta mashua yake inaelea au imekaa. Jedwali la maji lina faida yake, hasa kwa vimo, lakini kwa saa hesabu ya mwezi inatosha.

Maji pia hayapandi kwa mwendo mmoja. Ugawe mpando wote mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza utaona sentimita 30 tu na utadhani una muda wa kwenda kunywa kahawa. Saa ya tatu na ya nne yanapanda sentimita 90 kila moja. Kushuka ni vivyo hivyo. Watu wengi waliopwelewa walikuwa wakiyatazama maji ya saa ya kwanza.

Kisha kuna kupwelewa kwa aina nyingine, kubaya zaidi. Ukikipandisha chombo ufukoni kwenye kilele cha bamvua, hadi pale maji yalipoishia, jua kwamba kesho kutwa maji hayatafika hapo, wala siku itakayofuata. Yanaelekea kuwa mafu. Chombo kitakaa juani karibu wiki mbili hadi bamvua lijalo, na mbao zake zikauke na kufunguka viungo. Kama nia yako ni kukikalafati, yaani kuziba viungo vyake, hapo ndipo mahali pake hasa. Kama nia ni kwenda kuvua keshokutwa, kiache chini kidogo.

Hesabu ya kamba

Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Nanga ya kilo kumi haiwezi kuzuia mashua ya tani moja kwa kuwa nzito. Huizuia kwa kuwa meno yake yamechimba mchanga, na meno huchimba pale tu inapovutwa kwa ulalo, sambamba na sakafu ya bahari. Ukiivuta kuelekea juu, unaing'oa. Ndivyo tunavyofanya wenyewe tukitaka kuondoka: tunaivuta mashua hadi juu ya nanga, kisha tunanyanyua.

Kwa hiyo urefu wa kamba ndio unaoamua kama nanga inachimba au inang'oka. Kipimo kinachokubalika kwa mabaharia wengi ni kamba mara tano ya kina kwa hali ya kawaida, na mara saba au zaidi upepo ukichafuka. Ukiwa na mnyororo mtupu, mara tatu inaweza kutosha, kwa kuwa uzito wa mnyororo unaulaza chini.

Kosa linalorudiwa kila diko, pale vyombo vinapofikia, ni swali la kina kipi. Chukua mfano. Umefika saa nne asubuhi siku ya bamvua, maji yamepwa, unapima kwa bildi, kamba yenye kizito mwishoni, na kupata mita 2. Kutoka usawa wa maji hadi kwenye omo pale kamba inapofungwa kuna nusu mita nyingine. Mita 2.5 mara tano ni mita 12.5. Unatoa kamba hiyo, unaridhika, unaondoka. Saa kumi alasiri maji yameongezeka mita 4. Sasa kutoka omo hadi chini ni mita 6.5, na kamba yako ya mita 12.5 haifiki hata mara mbili yake. Asubuhi ilikuwa inalala kwa pembe ya nyuzi 11 au 12. Sasa imesimama kwa nyuzi kama 30. Nayo hiyo saa kumi ndiyo saa ambayo upepo wa baharini bado una nguvu na mawimbi yanavuka mwamba kwa sababu maji ni mengi. Kamba ilitakiwa iwe mita 32 na nusu.

Hesabu hufanywa kwa maji ya kujaa, na kimo cha omo kimo ndani yake. Hakuna zaidi ya hapo.

Lakini kamba ya mita 32 ina deni lake. Maji yakipwa tena, mashua iko huru kuzunguka katika duara ambalo kila upande lina mita zaidi ya 30, na kwenye diko lililojaa kuna wenzako. Mashua mbili zilizotoa kamba sawa zitageuka pamoja upepo ukigeuka na hazitagusana. Moja ikiwa na kamba ndefu na nyingine fupi, usiku zitakutana. Kabla ya kutia nanga uliza majirani wametoa kiasi gani.

Nafasi ikiwa finyu, tumia nanga mbili, moja ya omo na moja ya tezi, yaani nyuma ya chombo, ili chombo kisizunguke bali kipande na kushuka mahali pake. Hii pia ndiyo dawa ya ule ubao wa mjomba: mahali panapokauka, chombo kinachoshikwa huku na huku hakifiki juu ya nanga yake. Gharama yake ni kwamba upepo ukija wa ubavuni unakipiga chote na hakiwezi kuugeukia, kwa hiyo mimi huitumia pale penye kinga ya upepo tu, kama ndani ya hori la mikoko. Na maji yakishapwa shuka kwa miguu, uifukie nanga mchangani hadi meno yote yasionekane. Ni kazi ya dakika tano.

Nanga ipi, chini kuna nini

Nanga inayoonekana zaidi kwenye ngalawa na mashua ndogo ni ile ya meno manne iliyochomelewa kwa nondo. Ni rahisi, fundi yeyote wa kuchomelea anaijua, na kwenye mawe inashika vizuri mno, wakati mwingine kiasi cha kutorudi. Kwenye mchanga na tope ni dhaifu, kwa sababu jino la nondo ni jembamba na hupita mchangani kama uma kwenye uji. Huko panatakiwa nanga yenye makombe, yaani ncha za meno, mapana. Wazee walikuwa na baura, nanga kubwa ya namna hiyo, kwa vyombo vikubwa. Kwa mashua ndogo, hata kumwomba fundi achomelee vibati kwenye ncha za meno ya nondo kunabadilisha mambo.

Chini pakiwa na nyasi za bahari, usiamini unachohisi mkononi. Nanga hunasa kwenye mizizi, kamba ikakaza, ukadhani imechimba. Upepo ukizidi shuka lote la nyasi linang'oka na nanga inatoka imebeba shada. Kwenye matumbawe itashika, lakini usitie hapo. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, na nanga moja inayokokota hupasua kazi ya miaka mingi kwa dakika chache. Kisha tumbawe nalo hujilipiza kwa kuikata kamba kama msumeno. Mafia, ambako hifadhi ya bahari imekuwapo tangu 1995, jambo hili ni la sheria pia. Tafuta kiraka cha mchanga. Siku ya jua hujionyesha chenyewe kwa weupe wake.

Kati ya nanga na kamba weka mnyororo, hata wa mita 3 au 4. Unaulaza mvuto chini na unapokea msuguano wa mawe badala ya kamba.

Kuhusu kamba yenyewe, nitasema kwa kifupi. Ya katani, mali ya mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, ni nzuri mkononi lakini huoza ikikaa majini. Ya plastiki ya buluu au kijani ni rahisi na huelea, na kuelea ndiko kasoro yake kwenye nanga: hujipitisha chini ya mashine ya jirani na panga la mashine, lile linalozunguka majini, halichagui. Jua pia huila hadi ikawa unga. Nailoni huzama na hunyumbuka, na huo mnyumbuko ndio unaomeza kishindo cha wimbi kabla hakijafika kwenye nanga. Kama una fedha ya kamba moja nzuri tu, iwe ya nanga. Pale inapopita kwenye ukingo wa mbao ivishe kipande cha mpira wa maji. Nimewahi kuona kamba mpya ikikatika usiku mmoja kwa kusuguliwa kwenye kichwa cha msumari.

Namna ya kutia ni hii. Elekeza omo kwenye upepo, acha chombo kisimame, ishushe nanga badala ya kuirusha, kisha kiache chombo kirudi nyuma chenyewe huku ukitoa kamba. Ukifika nusu, ikaze kidogo ili meno yaume, halafu endelea. Mwisho chagua vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja ufukoni, mnazi na mnara wa msikiti nyuma yake kwa mfano, na vingine viwili ubavuni. Vikiachana, nanga inakokota. Usiku usioona mnazi, shika kamba kwa mkono: nanga iliyouma imetulia, inayokokota hutetemesha kamba kama mtu anayeburuta kitanda kwenye sakafu ya saruji.

Boya la kudumu

Anayelala mahali pamoja kila siku huchoka na nanga, akazamisha uzito na kuuwekea boya. Hapa watu hudanganywa na mizani. Zege likiwa majini hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, karibu asilimia 43, kwa sababu maji ya chumvi yanalibeba. Tairi ulilojaza zege la kilo 100 nchi kavu, huko chini ni kilo 57. Chuma hupoteza kama asilimia 14 tu, ndiyo maana injini chakavu ya lori ni mzigo bora kuliko zege la uzito huohuo, mradi imemwagwa oili yote na kuoshwa. Na kwa kuwa uzito mtupu haujachimba popote, unashikilia kwa kulala tu. Ukipata siku chache za kuzama kwenye tope hushika zaidi, juu ya mwamba laini utateleza. Kiungo kinachozunguka kati ya mnyororo na boya ni lazima, la sivyo mwezi mmoja wa umande na matlai, upepo wa mashariki, utakuwa umeusokota mnyororo hadi ufupike. Zamia uukague. Mnyororo huliwa zaidi pale unapogusa mchanga na kuinuka, kugusa na kuinuka.

Kwenye gati

Gati linaonekana salama kuliko bahari wazi, na ndipo nilipoona vyombo vingi vikiumia. Gati halipandi wala halishuki. Chombo kinapanda na kushuka. Kamba iliyokazwa maji yakiwa yamejaa huifanya mashua ining'inie kama ndoo maji yakipwa, hadi kamba ikatike, au kishikio king'oke na ubao wake, au mashua ipinduke.

Wengi hulegeza kamba tu, mashua ikazurura na kujigonga. Dawa ni mwelekeo wa kamba. Tuseme ukingo wa mashua uko sawa na gati maji yamejaa, na yatashuka mita 4. Kamba inayotoka mashuani moja kwa moja hadi gatini, umbali wa mita 2, itahitaji kuwa mita 4.5 maji yakipwa, yaani zaidi ya mara mbili. Kamba inayotoka omo ikaenda mbele kando ya gati mita 12 itahitaji kuwa mita 12.65 tu. Sentimita 65 za ulegevu, na usiku mzima hauhitaji kuamka. Kwa hiyo kamba ya omo iende mbali mbele, ya tezi iende mbali nyuma, na mbili za kati zikipishana, moja kutoka omo kurudi nyuma na moja kutoka tezi kwenda mbele, ili chombo kisisogee kando ya gati. Mbavuni ning'iniza matairi, na uyafunge juu na chini. Tairi linaloning'inia kwa kamba moja hupanda juu ya ukingo wa gati na kubaki huko.

Sasa mafundo. Mawili yanatosha. Kitanzi kisichojikaza, kile kinachofunguka kwa vidole hata kikivutwa siku nzima, ni cha upande wa nanga au pete ya boya. Kwenye nguzo ya gati zungusha kamba mara mbili kamili kwanza, halafu ndipo ufunge vifundo viwili juu yake yenyewe. Mizunguko miwili hubeba mzigo kwa msuguano, nawe unaweza kuifungua na kuilegeza hata mashua ikiwa inavuta. Kile kitanzi hakifunguki kikiwa na mzigo, na usiku wa tufani hiyo ndiyo tofauti ya kuondoka na kutafuta kisu.

Kuna siku ambayo hesabu zote hizi hazitoshi. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya chombo huzidi mara nne. Aprili 1872 tufani ilipoipiga Unguja, merikebu za Sultani Barghash ziliangamia zikiwa bandarini Zanzibar, mahali ambapo vyombo vimejikinga na kusi kwa karne nyingi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia, mwenye ngalawa alikuwa na bahati kuliko mwenye boti kubwa: aliweza kuivuta hadi kwenye minazi.

Siku za kawaida, mjomba alikuwa na desturi moja ambayo utotoni niliiona ya kizee. Kila bamvua, akishakula, alichukua kurunzi akateremka pwani saa nne usiku, maji yakiwa yamekauka kabisa. Maji makavu ya asubuhi yana mashahidi, kuna wapita njia na watoto wa kuokota kombe. Ya usiku hayana. Alizunguka mashua mara moja, akaisukuma gadi, nguzo inayoegemeza chombo, kwa mguu aone kama imesimama imara, akamulika chini ya bandi kuangalia nanga iko upande gani. Kisha alisimama hapo kidogo hadi aone maji yamegeuka.